Bahasha Iliyoandikwa 1x3

Bahasha ninayo mpaka leo. Ni ile ndogo ya kaki ya kutilia vidonge, na juu yake muuzaji aliandika kwa kalamu ya bluu: 1x3. Kimoja, mara tatu kwa siku. Hakuandika jina la dawa, hakuandika miligramu, wala hakuandika ni kwa siku ngapi. Nami sikuuliza. Nikaenda nayo nyumbani Makorora, nikaanza kumeza, na nikaendelea kumeza kwa miezi 16.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha sayansikimu miaka 31, na vitamini nimeziandika ubaoni kila mwaka: ini, dagaa, mayai, kunde, dona badala ya sembe. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba yaliyonipata huwapata wasiosoma peke yao. Baada ya kustaafu nilirudi kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule na kanzu, na nikipata mteja mvumilivu, nadarizi mashuka. Ni kazi ya vidole.

Kisukari ninacho tangu mwaka 2012 na natumia metformini. Nyayo zilipoanza kunisumbua sikushangaa sana, maana kliniki tulishaambiwa. Wenye ugonjwa huu wanayajua maneno yake. Mchana ganzi, usiku moto. Unalala miguu ikiwa nje ya shuka, saa nane unaamka kuikanyagisha sakafu ya saruji ili ipoe. Mara wadudu wanatambaa ndani ya ngozi, mara unachomwa sindano na hakuna mwenye sindano. Jirani akaniambia hiyo ni mishipa ya fahamu, na vidonge vyake vipo, kila mtu anatumia. Kweli kila mtu anatumia. Kaa nusu saa kwenye benchi la duka la dawa mjini kwetu, utasikia watu wakiomba "vile vya ganzi" kama wanavyoomba chumvi. Huyu ni dereva wa bodaboda anayeumwa kiuno, yule ni bibi ambaye vidole vimekufa, mwingine anachukua vya mume wake aliyeko shamba. Kila mmoja anatoka na bahasha, na sijasikia hata mmoja akiulizwa ganzi yake imetoka wapi.

Kijana aliyeniuzia alikuwa na adabu zake zote. Aliniamkia, akanipangusia benchi, akaniambia, "Hizi ni vitamini tu, mwalimu. Hazina madhara. Zikizidi mwili unazitoa kwa mkojo."

Maneno hayo, "vitamini tu", ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Sitaki nieleweke vibaya. Vitamini hizi, B1, B6 na B12, ni neema kubwa kwa anayezihitaji. Kabla ya miaka ya 1920, mtu ambaye tumbo lake lilishindwa kufyonza kile tunachokiita leo B12 alikuwa anafifia, anaishiwa damu na nguvu za miguu, halafu anakufa. George Minot na William Murphy wa Boston wakawalisha wagonjwa hao maini kila siku, wakainuka vitandani, na mwaka 1934 wawili hao pamoja na George Whipple wakapewa Tuzo ya Nobel. Vitamini yenyewe ilipatikana ndani ya ini mwaka 1948. Kule Kuba, kati ya 1991 na 1993, baada ya misaada ya Umoja wa Kisovieti kukatika na chakula kuwa haba, watu zaidi ya 50,000 waliugua mishipa ya fahamu. Wengine macho yalififia, wengine miguu ilikufa ganzi. Serikali ikawagawia wananchi wote vidonge vya vitamini, zikiwemo za kundi B, na wagonjwa wapya wakapungua kwa kasi. Na hapa kwetu, mgonjwa wa kifua kikuu au mwenye virusi vya UKIMWI anayepewa isoniazidi hupewa B6 pamoja nayo, kwa sababu isoniazidi huifunga B6 mwilini na kuitoa, na mgonjwa anaweza kubaki na miguu inayowaka. Mwenye bahasha hiyo aliyopewa na kliniki asiiguse kwa sababu ya makala haya. Amalize dozi yake kama alivyoelekezwa.

Ila hebu msomaji aangalie kiasi. B6 ya mgonjwa wa isoniazidi kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kidonge kilichokuwa ndani ya bahasha yangu kilikuwa na 200. Nilimeza vitatu.

Miezi ya mwanzo nilijisikia nafuu, au nilitaka kujisikia nafuu, siwezi kuapa. Baada ya miezi kama minane ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi nusu ya muundi, halafu ikaja mikononi. Hili la mikononi lilinitisha. Nilikuwa nashona vifungo vya sare, sindano ikaniponyoka, nikaitafuta kwa macho kwa sababu vidole havikuweza kuniambia kama bado ninayo. Kutunga uzi kukawa kazi ya dakika kumi. Nguvu nilikuwa nazo, ndoo ya maji nabeba, ila vidole vilikuwa kama si vyangu. Kisha ikaja alfajiri moja natia udhu. Nikafumba macho ili nioshe uso, nikayumba, nikashika ukuta. Nikasema ni sukari imeshuka. Kesho yake tena. Ikawa kila nikifumba macho nimesimama, ardhi inaniacha.

Nilichofanya ndicho ambacho wengi wangefanya. Niliona ugonjwa umezidi, nikaongeza dawa. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Muscat, alinitumia kopo la vitamini B zenye nguvu, na ubavuni mwa kopo B6 peke yake ni miligramu 100. Nikameza kimoja kila asubuhi juu ya vile vitatu. Nikaongeza na kile kidogo cha B komplesi nilichokuwa nacho siku zote, ambacho huugeuza mkojo kuwa wa manjano. (Rangi ile ni ya B2, na ndiyo inayowadanganya watu. Wakiona manjano chooni wanasema ziada yote imetoka. Imetoka B2. B12, kwa mfano, ini huiweka akiba ya miaka.)

Daktari aliyeniokoa hakuwa na mashine kubwa. Aliniambia nivue viatu, akanigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki mfano wa uzi wa kuvulia, sikuuhisi. Akaweka chuma chenye panda mbili kinachotetema juu ya kidole gumba, nikaona kinatetema lakini sikuhisi. Akaniambia nisimame, nibananishe miguu, nifumbe macho. Akanidaka. Kisha akauliza swali ambalo miezi 16 hakuna aliyeniuliza: "Mwalimu, unameza nini na nini? Nenda nyumbani, tia kila kidonge kwenye mfuko, niletee. Hata vile unavyoona si dawa."

Nikarudi na mfuko, nikaumwaga mezani. Akasoma nyuma ya vile vidonge, akasoma kopo la Muscat, akachukua kikokotoo. Mia sita, mia moja, na mbili za kile kidogo. Miligramu 702 za B6 kila siku. Mwanamke wa umri wangu anahitaji 1.5.

Hesabu hiyo nimeirudia peke yangu nyumbani mara nyingi. Kila siku moja nilimeza mahitaji ya siku 468, yaani mwaka mzima na miezi mitatu. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina B6 kama miligramu 0.4. Ili nipate nilichokuwa nakipata kwenye vidonge ningepaswa kula ndizi zaidi ya 1,700 kabla ya kulala. Hakuna mama aliyezaliwa Muheza au Lushoto ambaye angemwacha mwanawe ale ndizi hamsini. Kidonge hakina ukubwa wa kututisha.

Daktari alinieleza kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya hisia, hasa vile vifundo vilivyo kando ya uti wa mgongo ambako chembe hai za hisia zina makao yake. Ndiyo maana nguvu hubaki na hisia huondoka. Si habari mpya. Mwaka 1983 Herbert Schaumburg na wenzake waliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakashindwa kutembea sawasawa na mikono ikawafia. Baadaye wakaonekana walioumia kwa kiasi kidogo zaidi, wengine hata kwa miligramu chini ya 100 walipotumia kwa muda mrefu. Wataalamu hawajakubaliana juu ya mpaka. Marekani wanasema mtu mzima asizidishe miligramu 100 kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikuwa na 25, na mwaka 2023 ikashusha hadi 12. Uingereza mwananchi anaambiwa asipite 10 bila ushauri wa daktari, na Australia tangu 2022 kopo lenye zaidi ya 10 linapaswa kubeba onyo la kuchomachoma, kuungua na ganzi. Tofauti ni kubwa, nakubali. Lakini chukua hata ule mpaka wa Marekani ulio mpana kuliko yote, kidonge kimoja cha bahasha yangu kilikuwa mara mbili yake.

Daktari anaweza kuwa na sababu ya kuuvuka kwa muda mfupi, kwa mgonjwa anayemfuatilia. Sibishani naye. Ugomvi wangu ni na mwezi wa pili, wa tano, wa kumi na sita, ambapo hakuna anayefuatilia.

Na hapa ndipo penye mtego. Dalili ya kuzidi ni ganzi na moto wa miguu. Dalili ya kupungukiwa ni ganzi na moto wa miguu. Kisukari chenyewe, ganzi na moto wa miguu. Anayeumia kwa vidonge ataamini anaumia kwa kukosa vidonge, na muuzaji naye ataamini hivyo kwa moyo mweupe, na bahasha itajazwa tena.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi, pengine kwa sababu nilikuwa mwalimu. Metformini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu huo nao hula mishipa ya fahamu. Hivyo inawezekana kabisa kwamba miguu yangu mwanzoni ilikuwa inalilia B12, na B12 peke yake. Nilimuuliza daktari kama tunaweza kupima. Akanijibu kwa upole kwamba ningepima kabla ya kidonge cha kwanza. Sasa damu imejaa B12 ya vidonge, kipimo kitasoma kizuri na hakitatuambia ilivyokuwa. Kwa hiyo sitajua kamwe. Huenda nilichohitaji kilikuwa kidonge cha vitamini moja, nami nikanunua mchanganyiko wa tatu, na ile ya katikati ndiyo iliyonichoma.

Wewe unayetumia metformini kwa miaka, mzee wangu unayetumia vidonge vya kukausha asidi tumboni kila siku, au mtu usiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, omba upimwe B12 kwanza. Kipimo si cha bure na hakipo kila zahanati, najua. Lakini piga hesabu ya bahasha za miezi 16. Mimi nimepiga.

Dada yangu wa Korogwe alikuwa na vyake, akaniambia vyake ni bora kwa sababu vinatuliza maumivu siku hiyohiyo. Nikamwambia alete. Vilikuwa ni vitamini zilezile zimechanganywa na diklofenaki. Ana presha, ana sukari, na alikuwa anameza dawa ya maumivu kila siku kwa jina la vitamini. Diklofenaki ya kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, na figo za mwenye presha na sukari tayari zina mzigo wake. Hakujua. Jina la diklofenaki lilikuwa limeandikwa nyuma ya kidonge kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na kwa Kiingereza.

Halafu kuna ukoma. Watu hawapendi kuutaja, wanadhani umeondoka na wazee. Haujaondoka nchini kwetu. Huanza na baka kwenye ngozi lisilohisi, au ganzi ya mkono au mguu, nayo ni ganzi hiyohiyo inayopelekwa duka la dawa. Dawa yake inatolewa bure na inaponya. Mgonjwa akitulizwa kwa vitamini mwaka mzima, bakteria huendelea kula neva, na mkono ukishapinda vidonge vya ukoma vitaua ugonjwa lakini havitaunyoosha mkono. Ganzi pia yaweza kuwa pombe iliyomaliza B1, tezi ya shingo, figo, pingili ya mgongo iliyobana neva. Na ikija ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo ukaenda upande, au miguu ikalegea kwa siku chache na ulegevu ukapanda juu, au mtu akashindwa kuzuia mkojo, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Nataka nini? Nataka bahasha iandikwe. Sisemi maduka yafungwe. Duka la dawa la mtaani ndilo lililo wazi saa mbili usiku na ndilo linalomjua mteja kwa jina, na yule kijana wangu hakuwa na nia mbaya, aliniambia alichoambiwa. Lakini juu ya 1x3 pana nafasi ya kuandika jina la dawa, miligramu za B6, na tarehe ya kuacha. Maneno matatu ya kalamu. Mteja akirudi kujaza tena, kijana amuulize: miguu imekuwaje, na mikono je? Kama imezidi, asimuuzie, amwelekeze kwa daktari akiwa na mfuko wa vidonge vyote. Naiomba mamlaka yetu ya dawa, TMDA, itake boksi lenye B6 nyingi libebe onyo la Kiswahili upande wa mbele, kwa herufi ambazo mimi mwenye miaka 64 nitazisoma bila kumwita mjukuu.

Mimi niliacha B6 siku ileile, kwa usimamizi wa daktari, nikabaki na metformini yangu. Alinionya kwamba wiki za mwanzo hali inaweza kuzidi kabla ya kurudi, na kweli ilizidi, mpaka nikamwambia mwanangu labda tumekosea tuvirudie. Nashukuru nilikuwa nimeonywa. Mwezi wa tatu udhu ukarudi, naweza kufumba macho. Mwezi wa sita nikashona kifungo bila kukitazama. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi na daktari hakuniahidi. Kila usiku nazitazama nyayo kwa kioo kidogo cha mkononi, kwa sababu mwezi uliopita nilikanyaga pini ya kushonea na nikatembea nayo mpaka jikoni.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kuchukua vipande vya kupimia sukari. Mbele yangu alisimama mwanamume wa makamo, fundi seremala kwa vumbi la mbao lililokuwa kwenye nywele, anaomba vya ganzi. Nikamsalimu, nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nikamuuliza vinamsaidiaje. Akafikiri, akaitazama mikono yake, akasema siku hizi hata msumari haushikiki vizuri, ndiyo maana anataka aongeze.

"Umepimwa sukari, kaka yangu?"

"Hapana, mama. Kwani vitamini mpaka upimwe?"

Nikamwomba bahasha yake. Ilikuwa imechakaa, ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati, na kalamu ilikuwa ileile ya bluu. Nikaazima kalamu kwa kijana, na chini ya 1x3 nikaandika tarehe aliyoanza, miligramu 200 za B6, na siku ya kliniki, Jumanne saa mbili asubuhi. Akaisoma polepole mara mbili, akaikunja tena. Pesa aliyokuwa ameishika akairudisha mfukoni.